Amplifaya inavuma!

Wadau, ile amplifaya ya gitaa niliyonunua mtumba inavuma kama jenereta. Nikachomoa gitaa, mvumo uko palepale. Nikashusha sauti mpaka sifuri, wapi! Basi gitaa halina kosa, ugonjwa uko ndani, na mara nyingi huwa ni kapasita za pawa saplai zimechoka.

Jirani kanishauri nikate waya wa ethi, eti kelele zitaisha. Thubutu! Waya huo ndio unaokuokoa hitilafu ikitokea, na mimi nashika nyuzi za chuma mikono mitupu. Kuifungua mwenyewe nako nimeogopa: ni ya valvu, kapasita zake huweza kubaki na mamia ya volti hata ukichomoa plagi. Kesho naipeleka kwa fundi. Mshahara wa mwandishi mnaujua.