Kalamu ya Katibu

Katibu wa klabu yetu ya ndondi Nakuru alikuwa karani wa reli, na ofisi yake nzima ilikuwa mkoba mmoja wa ngozi: vyeti vya daktari, kadi za majaji, kalamu mbili, bendeji. Ukumbi ulikuwa Madison Square Garden. Jina la New York, vumbi la Nakuru. Glavu zilikuwa chache. Bondia akishuka ulingoni anafunguliwa kamba, anayepanda anatia mikono humo humo, kwenye jasho la mwenzake. Mimi nilikuwa mtoto wa ndoo.

Kupima uzani hakukumsamehe mtu. Aliyezidi alivishwa sweta mbili akaruke kamba. "Usinililie mimi, lilia mizani," Katibu alikuwa akisema.

Siku hizo alama ziliandikwa kwa kalamu, na yeye ndiye aliyejumlisha, ukumbi mzima ukimpigia kelele mgongoni. Mwaka 1988 tulikusanyika redioni: kule Seoul, Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika ndondi za Olimpiki, na hadi leo ya pekee. Katika mashindano hayo hayo Roy Jones Jr wa Marekani alimtandika Park Si-hun wa Korea Kusini, lakini majaji 3 kati ya 5 wakampa ushindi mwenyeji. Katibu alicheka kwa uchungu: "Wangila hakuwaachia kalamu."

Basi AIBA, shirikisho la ndondi za ridhaa duniani, chini ya Anwar Chowdhry wa Pakistani, ikaleta mashine ya kuhesabu alama. Barcelona 1992, konde lilihesabiwa tu iwapo majaji 3 wamebonyeza kitufe ndani ya sekunde moja. Katibu alitufundisha kwa vifuniko vya soda alivyogongomelea ubaoni, huku roho ikimuuma. Ngumi ya mbavu, aliyoipenda kuliko zote, jaji haioni upesi. Vijana wakajifunza kudonoa kichwa na kukimbia. Kwangu mimi, miaka ile ndondi ilifanana na kuku na mtama.

Mashine iliondolewa 2013, na wanaume wakavua kofia za kinga. Katibu alikuwa amestaafu. Nilimpeleka ukumbini siku moja, wakapanda wasichana wawili, jambo ambalo enzi zake halikuwapo. Wa kona nyekundu akazamisha ngumi mbavuni. Mzee hakusema neno, ila kidole gumba chake kilibonyeza mkono wa kiti, mara moja, upesi.