Dakika 15 za Maji Kutulia



Mabibi harusi wengi wanaokuja kupimwa nguo dukani kwangu hapa Maskati huniuliza suala moja kabla ya kuuliza bei ya kushona: "Dada, hawa samaki na haya maua ya baharini unayalisha vipi?" Ukumbini wanapongojea kuna tangi la maji ya chumvi la lita 400, na yale wanayoyaita maua ni matumbawe hai. Nimejibu mara nyingi kwa mdomo. Leo naandika, maana wawili katika wateja wangu wameshanunua matangi yao, na wako wengine wanaonitumia ujumbe usiku kuuliza.

Tangi hili si langu kwa asili. Lilikuwa la baba mkwe, Allah amrehemu. Aliondoka Unguja akiwa kijana, na alikuwa akisema kuwa bahari ya hapa ni nzuri lakini si ile ya nyumbani, kwa hiyo akajitengenezea yake ndogo ukutani. Alipofariki, warithi walikaa kuzungumza. Wengine walitaka liuzwe, maana linakula umeme na linataka mtu wa kulitazama kila siku. Mwisho wakaridhia nilichukue mimi, kwa sharti kwamba vilivyomo visife kwa kutotazamwa. Basi kwangu lile tangi ni amana. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Samaki ndani ya kioo ni vivyo hivyo: umeshamzuia asijitafutie, kwa hiyo riziki yake Allah ameipitishia mkononi mwako.

Sasa tuje kwenye kulisha kwenyewe. Wengi wanadhani kazi ni kutia chakula tu. Hapana. Kazi kubwa ni maji.

Tangi la maji ya chumvi halikai kimya. Kuna pampu kubwa inayopandisha maji kutoka tangi la chini, kule kwenye soksi ya kuchujia na mashine ya povu, kisha maji yanamwagika tena kupitia mdomo wa juu kurudi chini. Juu ya hiyo kuna pampu ndogo za mkondo zinazosukuma maji huku na huku, ili matumbawe yapate hewa na uchafu usikae juu yao. Mkondo huo ndio uhai wa tangi. Lakini wakati wa kula, mkondo huo huo unageuka mwizi. Ukitia uduvi maji yakiwa yanakwenda kwa nguvu, nusu yake unapita mdomo wa juu na kuishia kwenye soksi. Nusu nyengine wanaiwahi samaki wenye mbio. Tumbawe halikimbii, na yule samaki mdogo anayekaa mchangani haya zake zimezidi. Hao wanabaki na njaa, na wewe unadhani umelisha.

Mtu wa kisiwani hili halimpi tabu. Tunajua bamvua na tunajua maji mafu. Baharini mkondo ndio unaoyaletea matumbawe chakula, vijidudu vidogo vidogo vinavyoelea. Ukiwa dhaifu mno, hakuna kinachofika. Ukiwa mkali mno, minyiri yao inalazwa na chakula kinang'olewa hakijashikwa. Bahari ina wasaa, kinachopita leo kitafuatiwa na chengine. Tangi halina wasaa huo. Kwa hiyo sisi ndio wa kupunguza na kuzidisha, kama mguu juu ya cherehani: penye mstari ulionyooka unakanyaga, ukifika kwenye kona unapunguza, unageuza kitambaa, ndipo unaendelea. Ukikanyaga tu mwanzo mpaka mwisho, kola inaharibika.

Mimi nafanya hivi.

Kwanza, nachukua kipande cha uduvi walioganda na kukiyayusha ndani ya kikombe cha maji ya tangi. Halafu nakipitisha kwenye chujio la chai. Yale maji ya uduvi namwaga, kwani yanaongeza uchafu tu.

Pili, nazima pampu kubwa. Hapa tahadhari: ukiizima, maji ya juu yanashuka mpaka yafike usawa wa mdomo, kwa hiyo tangi la chini lazima liwe na nafasi ya kuyapokea. Kabla hujaanza mtindo huu, jaribu siku moja ukiwa umesimama hapo na taulo mkononi. Zima kila kitu, utazame kama chini hakufuriki. Mashine ya povu nayo naizima.

Tatu, pampu za mkondo naacha moja tu, kwa kiwango cha chini kabisa, na nawalisha samaki mwanzo. Naweka kidogo, wanamaliza, naweka tena kidogo. Nawashibisha wao kwanza kwa makusudi, kwa sababu samaki aliyeshiba hana haja ya kwenda kumpokonya mwenziwe mdomoni.

Nne, nazima na ile pampu ya mwisho. Maji yanatulia. Baada ya dakika chache utayaona matumbawe yenye midomo mikubwa yanavimba na kutoa minyiri, kwani harufu ya chakula imeshawafikia. Natumia sirinji isiyo na sindano, yenye mpira mrefu mbele, nakiachia chakula kianguke juu yao taratibu. Usikirushe kwa nguvu, tumbawe likishtuka linajifunga. Wale kamba wa kusafisha ni wezi hodari, watakuja kuchimbua chakula ndani ya mdomo wa tumbawe. Dawa yake ni chupa ya plastiki iliyokatwa kitako: lifunike tumbawe nayo mpaka limeze.

Tano, nangoja dakika 10 hadi 15. Kisha chakula kilichobaki chini nakifyonza, nawasha pampu za mkondo, halafu pampu kubwa. Mashine ya povu naiwasha mwisho, kwa sababu baada ya kulisha huwa inachafuka na kufurika. Simu naitegea kengele kabla sijazima chochote. Duka lina wateja, akili inachukuliwa, na maji yaliyosimama muda mrefu yanaishiwa oksijeni.

Na si kila tumbawe linataka kulishwa kila siku. Mengi yana mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wao, na mwani huo unatumia mwanga kuwatengenezea sehemu kubwa ya chakula. Yangu yenye midomo mikubwa nayalisha mara mbili kwa wiki. Ukizidisha, mabaki yanaoza, inatoka amonia, nitreti na fosfeti zinapanda, na kioo kinaota kijani. Israfu haifai hata kwa uduvi.

Kuna siku maji yanasimama bila wewe kutaka. Jumatatu ya tarehe 5 Septemba 2022, mchana, umeme ulikatika Maskati na mikoa mengine ya Oman. Mlioishi hapa mnajua joto la Septemba. Nilikuwa na mafundi wawili na gauni la harusi juu ya meza, cherehani zote zikanyamaza. Lakini kilichonitisha ni ule ukimya wa ukumbini, maana sauti ya maji nimeizoea kama pumzi ya mtu aliyelala karibu yako. Nilikuwa na pampu ndogo ya hewa ya betri, hiyo ndiyo ya kwanza kuitia. Kila baada ya dakika chache tulipokezana kuchota maji kwa jagi na kuyamwaga tena kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Tukaelesha chupa za barafu zilizofungwa, moja moja, joto lisipande. Na hatukutia hata punje ya chakula. Samaki anayesaga chakula anataka oksijeni zaidi, na siku hiyo hatukuwa nayo ya ziada. Samaki mzima anaweza kukaa siku bila kula. Bila hewa hakai. Jioni umeme uliporudi kwetu hakuna aliyekufa, alhamdulillah. Mume wangu alikaa mbele ya tangi la baba yake, hakusema kitu, akasikiliza tu pampu.

Kwa hiyo anayetaka tangi, anunue pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua samaki wa pili.

Na nyinyi mnaokwenda fungate Unguja, mkaniuliza kama mnaweza kunichukulia tumbawe: tafadhali, msiguse. Matumbawe magumu yamo katika mkataba wa CITES, hayavushwi mipaka kiholela, na mwamba ukishavunjwa unachukua miaka mingi kurudi. Ya kwangu ni vipande vilivyozaliwa matangini na kukatwa kwa mfugaji. Mkitaka kuyaona ya nyumbani, nendeni Chumbe, yamehifadhiwa rasmi tangu 1994. Tazameni, mrudi na macho yenu.

Dada unayeolewa, neno moja la mwisho. Kwenye sinia ya pilau, mwenye mkono mwepesi ndiye anayeondoka na nyama. Nyumba ni hivyo hivyo. Yuko mwenye sauti, yuko mwenye haraka, na yuko mkimya: mkwe mzee, mtoto wa mume anayekuonea haya, au wewe mwenyewe uliye mgeni. Shughuli za kila siku zikienda kwa kasi ile ile asubuhi mpaka usiku, mkimya hafikiwi na kitu, na wala hatolalamika. Weka wakati mfupi kila siku wa kuzima pampu: simu chini, televisheni kimya, kila mmoja apate fungu lake la maneno na la huruma. Kisha washa tena, maisha yaendelee, kwani nyumba iliyosimama nayo inakosa hewa.

Allah atujaalie kuwa waaminifu kwa kila kinachokula kupitia mikono yetu, na amrehemu baba yetu. Amin.