Kipya Kinyemi Ingawa Kidonda

Wahenga hawakuiona tarakilishi, lakini waliponena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, walikuwa kana kwamba wanamwasa mtumiaji wake. Chombo kinachosifiwa leo, kesho huonekana duni, na kesho kutwa hakipatikani tena.

Mhadhiri mmoja wa fasihi simulizi alilijua hilo kwa uchungu. Katika ujana wake alikwenda Lamu kurekodi nyimbo za vugo kutoka kwa bi kizee aliyesifika kwa uimbaji. Sauti alizinasa katika kaseti, na maneno akayachapa na kuyaweka katika disketi, kila moja ikiwa na nafasi ya megabaiti 1.44 tu. Alizitia zote kwenye kasha, akaamini kwamba amehifadhi. Mwaka 2011, kampuni ya Sony iliacha kuuza disketi; wakati huo tarakilishi nyingi mpya hazikuwa hata na mahali pa kuzitia. Miaka mingi baadaye, mwanafunzi wake alipozihitaji nyimbo hizo, kaseti ilikuwa imeota ukungu. Disketi zilisomeka kwa mashine ya kuazima, lakini alama za kutofautisha t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo Kiamu huitunza, zilikuwa zimegeuka visanduku vitupu, kwa kuwa fonti aliyoitumia haikuwepo tena. Bi kizee naye alikuwa ameshafariki. Hapakuwa na wa kuulizwa.

Hata hivyo, kuyalaani mabadiliko ni kukosa insafu. Mfumo wa Unicode, uliozifanya fonti za aina ile kuwa za kizamani, ndio uliompa kila herufi na alama nambari moja inayotambulika kwa mashine zote. Leo alama hizo zingesafiri salama. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, na mtumiaji akaweza kuandika akiongozwa na menyu za Kiswahili. Aidha, mwanafunzi aliyetaka kuitazama miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa London zamani alihitaji nauli ya ndege. Sasa picha za baadhi ya miswada hiyo zimo mtandaoni.

Basi kasoro i wapi? Haimo katika upya wa vyombo, bali katika dhana kwamba kuhifadhi ni tendo la mara moja. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Karatasi nayo huliwa na mchwa na unyevu wa pwani. Kilichoufikisha utendi huo kwa wasomaji wa leo ni mkono wa mnakili, aliyeandika upya kabla nakala ya kale haijachakaa. Teknolojia haikumwondolea msomi kazi hiyo. Imeirahisisha, kisha ikamtaka aifanye mara nyingi zaidi: kuhamisha kila chombo kinapobadilika, kuweka nakala zaidi ya moja, na kuchagua miundo inayofunguka kwa programu nyingi.

Mhadhiri yule sasa huwaagiza wanafunzi wake wafungue rekodi zao zote kila mwaka, wazisikilize na kuzinakili upya. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenyewe, lisipofunguliwa, hupotea pamoja na mali.