Mama Mpelelezi Aliyetufungua Midomo

Dada mpendwa, huenda utashangaa mama mzima, mwenye mume na mabinti wawili, akikusifia mchezo wa upelelezi wa televisheni. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiondoka sebuleni kila zilipoanza bunduki na maiti. Lakini huu ni wa namna nyingine, na umeitendea nyumba yangu jambo ambalo miaka tisa ya kunyamaza haikuliweza.

Unaitwa The No. 1 Ladies' Detective Agency. Umetokana na vitabu vya Alexander McCall Smith, aliyezaliwa Zimbabwe na kuwahi kufundisha sheria Botswana. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1998. Sehemu ya kwanza ya mchezo ilionyeshwa na BBC ya Uingereza Machi 2008, siku chache tu baada ya kifo cha mwongozaji wake, Anthony Minghella. Nyingine sita zilifuata mwaka 2009. Zote saba zilipigwa Botswana kwenyewe.

Mhusika mkuu ni Precious Ramotswe, aliyeigizwa na Jill Scott, mwimbaji wa Marekani. Ni mama mnene, wala hauonei haya unene wake. Anauza ng'ombe alioachiwa na baba yake na kufungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone. Hana bastola. Ana masikio, busara na birika la chai. Karani wake, Mma Makutsi, hachoki kukumbusha watu kwamba chuo cha uhazili alipata asilimia 97! Fundi magari Matekoni ni mpole hata unamhurumia. Aliyemwigiza, Lucian Msamati, wazazi wake ni Watanzania. Na heshima yao ilinigusa: huitana Mma na Rra, kama sisi tunavyoitana Mama na Baba.

Sasa nikuambie yaliyotupata. Miaka tisa iliyopita tulimzika mtoto wetu wa kiume akiwa na siku nne. Wakubwa waliniambia, “Usilie, Mungu atakupa mwingine.” Nikafuta machozi, nikarudi jikoni. Baba Neema hakumtaja mtoto yule tena. Moyoni nilimhukumu, nilisema amesahau.

Jioni moja mdogo wangu alituletea DVD za mchezo huu. Tulicheka sana, mpaka ilipojulikana kwamba Mma Ramotswe aliwahi kumpoteza mtoto mchanga, katika ndoa ya kwanza iliyojaa kipigo. Nilikaza macho kwenye televisheni, nikingoja mume wangu ainuke atoke nje. Hakuinuka. Alipunguza sauti, akasema polepole, “Yoshua angekuwa darasa la tatu sasa.”

Dada yangu, sikujua kwamba anahesabu! Tulilia wote wawili, tukazungumza hadi majogoo. Nilimwomba msamaha kwa hukumu ile. Naye aliniambia alinyamaza akiogopa kunitonesha kidonda. Jumamosi iliyofuata tuliwapeleka mabinti makaburini, tukapalilia pamoja. Ndipo mdogo wao alipojua kwamba ana kaka.

Sisemi kwamba mchezo wa televisheni hushika mahali pa sala. Tulikuwa tukisali pamoja kila usiku kwa miaka hiyo yote, lakini kila mmoja alimlilia Mungu peke yake juu ya jambo lile. Tulihitaji mtu wa kututangulia kulisema, naye akawa mama wa hadithi kutoka Gaborone.

Nikuonye kidogo. Si kila kitu humo ni cha watoto. Kuna waume wasio waaminifu, na katika sehemu ya kwanza kuna mtoto aliyepotea, anayehofiwa kuchukuliwa kwa ajili ya uchawi. Mimi humlaza mdogo kwanza, kisha huangalia na Neema, ambaye ana miaka 14. Mchezo ukiisha humwuliza: je, mama yule alifanya haki? Humo nimeyajua mengi yaliyo moyoni mwa binti yangu kuliko kwa kumhoji moja kwa moja.

Basi ukizipata DVD hizo, osha vyombo mapema, chemsha chai, umwite baba watoto. Ya kwanza ni ndefu, karibu saa mbili. Na ikifika mahali pa kuuma, usikimbilie jikoni kama nilivyozoea mimi. Kaa naye hapo hapo.