Safari ya Kitale: Kaburi la nyanya katika shamba la wengine

Je, msomaji, umewahi kulala ndani ya gari kwa hiari yako, wala si kwa sababu limeharibika njiani? Huko Marekani watu hununua magari makubwa yenye vitanda, jiko na hata choo, wakazurura nayo kutoka mji hadi mji kwa mwezi mzima. Sisi hatuna gari la aina hiyo. Tulilokuwa nalo likizo ya Agosti lilikuwa matatu kuukuu ya abiria 14 ambayo shemeji yangu ameistaafisha. Aling'oa viti vya nyuma, akatandika godoro, akapachika pazia madirishani na kuweka stovu ya gesi kando ya mlango. Watoto wangu waliliita "nyumba ya magurudumu".

Safari yenyewe ilikuwa ya baba. Mzee ana zaidi ya miaka 70. Alizaliwa katika shamba la mlowezi Mzungu nje ya mji wa Kitale, ambako babake alikuwa skwota. Mamake alifariki 1959 na kuzikwa huko huko. Baada ya uhuru mwenye shamba aliuza na kwenda zake, na wafanyakazi wakaambiwa wafungashe. Babu akarudi na watoto wake kwa watu wake Bungoma. Tangu siku hiyo baba hakuwahi kurejea katika shamba lile, hata kwa kupita tu.

Kutoka Nairobi hadi Kitale ni takriban kilomita 380. Unapita Nakuru, unapanda hadi Timboroa ambako baridi hukung'ata masikio, kisha unateremkia Eldoret. Kutoka hapo barabara inashika njia ya Soy hadi Moi's Bridge, mji ambao wazee bado huuita Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Cecil Hoey. Hapo kuna mto Nzoia, na ng'ambo yake mahindi yanaanza kukuzingira kushoto na kulia kana kwamba hayana mwisho. Baba, ambaye alikuwa akisimulia hadithi tangu Naivasha, alinyamaza kimya.

Usidhani kuishi garini ni jambo geni katika pande hizi. Mwaka wa 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walishuka meli Mombasa wakiwa na magari yao ya kukokotwa na maksai, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakayakokota hadi nyanda za Uasin Gishu, wakilala humo na wake na watoto wao. Reli ilifika Kitale 1926. Lakini hata kabla ya Wazungu mji huu ulikuwa njia ya wasafiri wasio na hiari. Katika uwanja wa Kitale Club kuna duara la mawe, na wenyeji husimulia kwamba hapo ndipo watumwa waliochukuliwa upande wa Uganda walizuiliwa kabla ya kuendelea na safari ya pwani.

Tuliingia Kitale jua likizama, na hapo hapo nyumba yetu ya magurudumu ikatutia aibu. Nilikuwa nimehesabu nafasi za kulala nisihesabu mila. Katika jamii yetu ya Wabukusu, mzee hawezi kulala chumba kimoja na mke wa mwanawe, sembuse godoro moja lililotenganishwa kwa pazia! Baba alichungulia ndani, akakohoa, akaniambia, "Kijana, hili gari ni zuri, lakini halikutengenezwa na mtu mwenye wakwe." Tukamtafutia chumba katika lojingi karibu na soko. Sisi tukalala garini, na niamini ninapokwambia kuwa blanketi moja haitoshi usiku wa Kitale.

Asubuhi Mlima Elgon ulikuwa umejitokeza upande wa magharibi, na vilima vya Cherangany mashariki. Tuliwapeleka watoto katika makavazi ya Kitale. Mkusanyiko wake ulianzishwa 1926 na mwanajeshi Mwingereza, Hugh Stoneham, aliyependa vipepeo na wadudu kuliko watu wengi wanavyopenda pesa. Jengo la sasa lilifunguliwa 1974. Nyuma yake kuna msitu mdogo wa miti ya kiasili, na pia nyumba za kienyeji zilizojengwa kuonyesha maisha ya jamii za magharibi. Baba aliinama akaingia katika mojawapo, akatoka akicheka. "Nyumba kama niliyozaliwa," alisema, "leo imekuwa kitu cha kulipia kiingilio."

Kisha tukaelekea shambani.

Hapa msomaji niruhusu nikupe ushauri. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi. Hapa Kitale ndipo kampuni ya Kenya Seed ilipoanzishwa 1956, na mbegu ya 611 iliyotoka 1964 ndiyo iliyobadilisha mavuno ya nchi nzima. Ardhi inayozaa namna hiyo haichezewi. Ukienda kuuliza habari za zamani katika shamba la mtu, usiingie na gari. Nenda kwanza kwa mzee wa kijiji, ujieleze, ufuatane naye kwa miguu. Hivyo ndivyo tulivyofanya, na hata hivyo tulikuta uso uliokunjamana.

Mwenye shamba alikuwa mama mjane, umri sawa na baba. Hakutukaribisha kuketi.

"Mzee," alisema, "kila anayekuja hapa kuuliza ya zamani, kesho yake huja na mtu wa kupima."

Baba alivua kofia. "Mama, sikuja kwa ajili ya shamba. Nimekuja kumsalimu mama yangu."

Yule mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akachukua fimbo yake na kutangulia. Tulipita mahindi yaliyotushinda kimo hadi kwenye safu ya mikalatusi mikubwa. Baba aliitambua miti. Alianza kuhesabu hatua, akasimama, akarudi, akahesabu tena. Kote palikuwa pamelimwa, isipokuwa mahali pamoja penye rundo dogo la mawe lililomea nyasi.

"Tuliponunua mwaka wa 1974 mawe haya yalikuwapo," mama alisema. "Marehemu mume wangu alisema jembe la maksai litavunjika. Tukawa tunayazunguka."

"Pengine ni hapa," baba alisema. "Pengine ni pale kwenye mahindi. Nilikuwa mtoto." Aliwaita watoto wangu, akawafundisha kusema, "Mulembe, kukhu." Wakasema. Hakukuwa na msalaba wala maua. Tulipoondoka yule mama alituvunjia mahindi mabichi gunzi kwa gunzi hadi mkoba ukajaa, akamwambia baba kwamba akija tena aje mapema, atakuta chai.

Barabara ya Bungoma hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, mji uliojulikana kama Broderick Falls enzi za ukoloni. Kiwanda chake cha karatasi kiliwalisha maelfu hadi kilipofungwa 2009. Juu yake ni mlima wa Chetambe, ambako mwaka wa 1895 Wabukusu na Watachoni walijificha ndani ya ngome yao yenye handaki wakipambana na jeshi lililoongozwa na Mwingereza Hobley. Mikuki haikufua dafu mbele ya bunduki, na wengi walianguka. Baba alituonyesha mlima kwa kidole tu. Siku ile alikuwa amechoka na makaburi.

Tulifika nje kidogo ya mji wa Bungoma usiku, kwa senge, dada mkubwa wa baba. Kuku alikwisha kuchinjwa, ugali ulikuwa unafuka moshi. Tukiwa katikati ya kula, baba akamweleza kuhusu ile mikalatusi na kwamba hakuwa na uhakika.

Senge aliacha tonge mkononi. "Mliona mawe?"

"Tuliona."

"Basi ni mama. Baba alimfunika kwa mawe kwa sababu fisi walikuwa wengi. Mimi mwenyewe nilibeba."

Baba alinyanyuka, akatoka nje, akasimama kando ya gari hadi chakula kikapoa. Hakuna aliyemfuata.

Msomaji, nilitumia wiki mbili nikitafuta godoro, stovu na pazia la safari hii. Sikutumia hata siku moja kumwuliza senge, ambaye yuko hai na simu anayo. Ukipanga kuwapeleka wanao kuona walikotoka, gari lolote litakufikisha. Lakini kabla ya kuliwasha, keti kwanza na wazee wako wote, mmoja mmoja, uwaulize wanachokumbuka. Yule mmoja usiyemwuliza ndiye huenda alibeba mawe.