Karatu: Subiri tabaka la kwanza likauke

Wiki moja kabla ya likizo nilifungua daftari la hisabati la mwanangu wa miaka 11, nikakuta tembo. Kurasa nne za tembo, hesabu hakuna. Nilimfokea, nikamwambia maneno ambayo wazazi wengi tunayajua: kuchora hakulipi. Tangu siku hiyo hakushika penseli mbele yangu.

Likizo ilipofika tukaondoka Arusha kwenda Karatu. Ukishapita Mto wa Mbu, barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara linabaki chini, na mbele unakutana na udongo mwekundu na mashamba ya mahindi na kahawa. Kandokando ya lami zimetundikwa picha za kuuza: twiga, simba, Wamasai na mashuka yao.

Tulisimama kwenye kibanda kimoja. Kijana mchoraji alikuwa amepaka kitambaa kizima rangi ya chungwa, kisha ameketi tu.

"Unasubiri nini, kaka?" nikamuuliza.

"Ikauke, mama. Nikimweka twiga sasa hivi rangi zitachanganyika, nitapata uji. Leo nyuma, kesho twiga, madoadoa mwisho."

Ndivyo wafanyavyo wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo aliouanzisha katika miaka hiyo michache unalisha familia nyingi hadi leo.

Mwanangu, aliyekuwa kimya njia nzima, akauliza kama ni lazima picha ijae rangi. Kijana akatoa simu, akatuonyesha kazi za Sungi Mlengeya, Mtanzania aliyejifunza kuchora mwenyewe na kuacha kazi ya benki mwaka 2018. Mwaka 2021 alikuwa na maonyesho yake ya peke yake, Just Disruptions, katika Afriart Gallery, Kampala. Ni wanawake weusi, nyuso na mikono imejengwa kwa vivuli vya kahawia na weusi, lakini nguo zao zimeungana na weupe ulio nyuma.

"Nguo ziko wapi?" mwanangu akauliza.

"Jicho lako ndilo linazimalizia," akajibiwa.

Wanawake wale wanaonekana wepesi, kama wameshusha mzigo. Na mimi nilikuwa nikiwaza ile kazi ya benki.

Kesho yake tukapita lango la Lodoare, tukapanda hadi ukingo wa kreta, ambako ukungu ulikuwa umetanda na baridi kali, kisha tukateremka hadi Oldupai. Pale korongo limekatwa kama keki: tabaka juu ya tabaka, moja jekundu kabisa, na la chini lina umri wa karibu miaka milioni 2. Katika jumba la makumbusho kuna nakala ya nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978. Miaka milioni 3.6 iliyopita volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, viumbe wa ukoo wa binadamu wakapita juu yake. Yakakauka, yakawa magumu kama saruji, na majivu mengine yakayafunika.

"Majivu si mepesi, mama?" mwanangu akaniuliza. "Mbona hayakupeperuka?"

"Yalipata muda wa kukauka," nikamjibu, nikajisikia nimejijibu mwenyewe. Nilitaka kuona picha iliyokamilika kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza anapaka rangi ya nyuma.

Tuliporudi Karatu nilimnunulia daftari lisilo na mistari. Tumekubaliana: tembo wakae humo, na daftari la hisabati libaki na hesabu. Sijui kama atakuwa mchoraji. Ninachojua ni kwamba jioni ile alichora mbele yangu.

Mzazi mwenzangu, ukipanga safari hii, beba sweta za watoto kwa ajili ya ukingoni, maji, kitambaa cha kuzuia vumbi la njia ya Oldupai, na kitambulisho chako. Na ukiwaona wachoraji barabarani, simama. Hata usiponunua, mwache mtoto atazame rangi ikikauka.