Ngoma ya Baba mkubwa

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili. Siumwi wala sijasafiri. Nilikuwa nagombana na kompyuta iliyotengenezwa kabla sijazaliwa na, vibaya zaidi, nilikuwa nabishana na baba yangu mkubwa. Leo naomba niungame.

Baba mkubwa alisoma uhandisi wa umeme Ujerumani Magharibi miaka ya 1980. Huko alinunua Commodore 64, kompyuta iliyotoka mwaka 1982, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64, ambayo unaichomeka kwenye televisheni. Ndani yake kuna chipu ya sauti iitwayo SID, iliyobuniwa na Bob Yannes, yenye uwezo wa kutoa sauti tatu kwa wakati mmoja. Mwaka 1986, katika baridi na upweke wa ugenini, Baba mkubwa alitunga wimbo mfupi kwenye mashine hiyo na chini yake akaweka mdundo wa ngoma ya kwetu.

Aliporudi nyumbani, mashine na disketi vilibaki kwa rafiki aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja. Mwaka huu rafiki huyo aliigeuza disketi kuwa faili moja la baiti 174,848 na kulituma kwa barua pepe. Picha moja ya simu yako ni nzito kuliko hilo.

Bahati nzuri, Baba mkubwa alikuwa amekuja Dar kwa kliniki ya macho, akafikia kwangu. Skrini haioni vizuri, anaona ukungu tu. Masikio ndiyo anayoyategemea. Nikaweka VICE kwenye laptopu yangu kuukuu. VICE ni emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ya zamani. Nikafungua faili kwa mbwembwe zote. Kilichotoka ni mikwaruzo, kama redio ambayo betri zake zinakata roho. Wimbo unajikokota, unakatika, unaendelea.

"Siyo hivi," akasema.

Nikamjibu kisomi: "Baba mkubwa, mashine za enzi zile ndivyo zilivyokuwa. Sisi tumezoea sauti za kisasa tu."

Akanyamaza. Mnaujua ule ukimya wa wazee.

Usiku nikaanza kuhangaika. Kosa langu la kwanza lilikuwa kubadilisha vitu vitano kwa mpigo. Nikipata nafuu sijui imetoka wapi, nikiharibu sijui nimeharibu nini. Kesho yake nikarudisha kila kitu kilivyokuwa, nikachukua daftari langu la kazi na kuanza kubadilisha kimoja kimoja.

Chini ya dirisha la VICE kuna namba ndogo inayoonyesha kasi kwa asilimia. Yangu ilikuwa inasoma 70. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Mwenye kupanga nyumba Dar ataelewa haraka: fikiria simtanki. Emuleta ndiyo pampu inayojaza, kadi ya sauti ndiyo bomba linalotoa. Bomba linadai sampuli 44,100 kila sekunde, pampu inaleta kama 30,900. Tanki likikauka, unasikia mkwaruzo. Mimi nilikuwa naongeza ukubwa wa tanki, yaani ile bafa ya sauti, nikidhani ndiyo dawa. Tanki kubwa husaidia pampu inayokwama mara moja moja. Pampu iliyo dhaifu muda wote haisaidiwi nalo. Nilichopata ni sauti kuchelewa nyuma ya picha, na mikwaruzo palepale.

Kumbe laptopu ilikuwa kwenye hali ya kubana betri, prosesa imefungwa breki. Nikaifungua, kasi ikapanda hadi 85. Nikafunga kurasa za intaneti nilizoziacha wazi tangu wiki iliyopita, ikafika 91. Nikazima kichujio kinachoipa picha sura ya televisheni ya zamani. Mia moja! Sikugusa reSID, ile sehemu inayoigiza chipu ya sauti. Ni nzito kwa sababu inafuatilia chipu hiyo karibu mara milioni moja kwa sekunde. Iko nyingine nyepesi, FastSID, lakini wepesi wake unalipiwa kwa uhalisia. Mwisho nikaongeza bafa kidogo tu, mikwaruzo ikaisha kabisa.

Nikamwita Baba mkubwa kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Akasikiliza, ameinamisha kichwa.

"Imekuwa safi," akasema. "Lakini inakimbia. Na ngoma yangu iko wapi?"

Nusura nimwambie miaka imepita mingi, kumbukumbu inachezea watu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Sijui nini kilinizuia. Badala yake nikauliza, kwa mara ya kwanza, mashine yake ilikuwa ya aina gani.

Jibu lake lilitosha. Siku ya kwanza, kwenye orodha ya mashine, nilikuwa nimechagua bila kusoma ile ya Marekani ya toleo la baadaye. Ya Marekani huchora skrini mara 60 kwa sekunde, ya Ulaya mara 50. Yeye aliuandika wimbo wake uende hatua moja kila skrini inapochorwa, kwa hiyo mimi nilikuwa naukimbiza kwa asilimia 20. Mkokoto wa mwanzo ulikuwa umelificha kosa hilo.

Na ngoma? Kwenye chipu ya kwanza, 6581, ukibadilisha kiwango cha sauti ghafla, spika hupiga kishindo. Ilikuwa kasoro, lakini watunzi waliigeuza kuwa ala ya nne. Baba mkubwa naye alipandisha na kushusha namba hiyo kwa mahesabu yake mwenyewe mpaka ikadunda. Chipu iliyofuata, 8580, iliiondoa kwa sehemu kubwa kasoro ile, na kishindo kikabaki mnong'ono. Toleo nililochagua lilikuwa na 8580.

Nikachagua mashine ya Ulaya, chipu ya 6581. Nikabonyeza. Ngoma ikaingia.

Baba mkubwa hakusema kitu. Vidole vyake vilikuwa vinapiga kwenye mkono wa kochi, na havikupotea hata pigo moja.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Ulikuwa hujui, mwanangu, hilo si kosa. Lakini hukuuliza."

Jumamosi amerudi Morogoro. Mimi nimerudi chumba cha habari, ambako kazi yangu ni kuwasikiliza watu waliokuwepo wakati mimi sikuwepo. Najiuliza ni wangapi waliniambia "siyo hivi", nikawaeleza kisomi kwa nini wamekosea, huku tatizo likiwa kwenye chombo nilichokishika mwenyewe.

Nanyi wenzangu, ni mzee gani mliyemsahihisha kabla ya kumuuliza?